Alois Alzheimer: Daktari aliyeona mafuta ndani ya ubongo

Novemba 3, 1906, daktari mmoja mwenye umri wa miaka 42 alisimama mbele ya wataalamu wenzake wa magonjwa ya akili katika mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Alieleza habari za mwanamke wa Frankfurt aliyepotewa na kumbukumbu akiwa bado na umri wa miaka 51 tu.

Alipomaliza kuzungumza, ukumbi ulikaa kimya. Mwenyekiti alitoa nafasi ya maswali, lakini hakuna aliyeitumia. Mkutano ukaendelea na mada nyingine, na daktari huyo akarudi Munich alikokuwa akifanya kazi.

Daktari huyo aliitwa Alois Alzheimer. Leo jina lake linatajwa katika hospitali za dunia nzima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na maradhi ya kudhoofika kwa akili, na kwamba ugonjwa uliopewa jina lake unachangia kati ya asilimia 60 na 70 ya hali hizo.

Hata hivyo, kati ya mambo aliyoyaeleza Tübingen, moja lilisahauliwa kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Alisema ameona mabonge ya uchafu katika ubongo wa marehemu, ameona nyuzi zilizosokotana, na tena ameona mafuta yamejaa ndani ya seli zinazozihudumia seli za fahamu. Mambo mawili ya kwanza yaliingia katika kila kitabu cha tiba. La tatu lilibaki pembeni hadi ilipogunduliwa kwamba protini moja inayobeba mafuta mwilini, yaani apolipoproteini E, inahusika sana katika kuamua nani yuko katika hatari ya kuugua.

Mtoto wa Marktbreit

Alzheimer alizaliwa Juni 14, 1864, katika mji mdogo wa Marktbreit, kando ya mto Main, katika jimbo la Bavaria. Baba yake, Eduard, alikuwa mthibitishaji wa hati za serikali. Familia yake ilikuwa ya Wakatoliki wenye kipato cha kutosha, na watoto wao walisomeshwa vizuri.

Baada ya masomo ya sekondari katika mji wa Aschaffenburg, alianza kusomea udaktari Berlin mwaka 1883, kisha akaendelea Würzburg na Tübingen. Mwaka 1887 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya tezi zinazotoa nta ya sikio. Ilikuwa mada ndogo, lakini ilimzoesha kitu ambacho hakukiacha tena hadi kufa kwake, nacho ni hadubini.

Desemba 1888 aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na wa kifafa mjini Frankfurt. Jengo lake lilikuwa kubwa na la kifahari kiasi kwamba wenyeji waliliita kasri la wendawazimu. Lilianzishwa na daktari Heinrich Hoffmann, ambaye Wajerumani wanamkumbuka zaidi kwa kitabu chake cha watoto, Struwwelpeter.

Mkurugenzi mpya, Emil Sioli, alikuwa na uhaba mkubwa wa madaktari. Yeye na Alzheimer walijitahidi kupunguza matumizi ya kamba na vyumba vya kufungia wagonjwa, na badala yake wakatumia mabafu ya maji ya uvuguvugu na mazungumzo ya kitandani. Katika zama ambazo mgonjwa wa akili alihesabiwa kuwa mzigo, Alzheimer alikuwa akikaa naye, akimuuliza maswali na kuandika kila jibu.

Mwaka 1889 aliwasili Frankfurt daktari mwingine kijana, Franz Nissl, aliyekuwa amevumbua njia ya kuzitia rangi seli za fahamu ili zionekane vizuri. Wawili hao wakawa marafiki wakubwa. Mchana walihudumia wagonjwa, na jioni waliinama juu ya hadubini wakitafuta katika ubongo wa wafu chanzo cha mateso waliyoyaona kwa walio hai.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba wazimu ni jambo la roho au la malezi, lisiloweza kuonekana kwa macho. Alzheimer na Nissl walishikilia kwamba ubongo ni kiungo kama moyo au ini, na kwamba ukiugua, ugonjwa huo lazima uache alama.

Alzheimer alianza kuthibitisha hilo katika mishipa ya damu. Katika miaka ya 1890 aliandika juu ya wazee ambao akili zao zilidhoofika kwa sababu mishipa ya ubongo ilikuwa imekakamaa na kuziba. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba ukakamavu huo unatokana kwa kiasi kikubwa na mafuta yanayosafirishwa katika damu. Lakini Alzheimer alikuwa tayari ameugusa mlango ambao wengine wangeufungua baadaye.

Ndoa, msiba na mgonjwa mpya

Mwaka 1894 Alzheimer alifunga ndoa na Cecilie Geisenheimer, mjane mwenye mali nyingi. Walipata watoto watatu. Mali ya mkewe ilimwezesha kufanya utafiti bila kutegemea mshahara, jambo lililokuja kuwa na maana kubwa baadaye.

Furaha hiyo haikudumu. Februari 1901 Cecilie alifariki dunia, akimwachia watoto wadogo. Dada yake Alzheimer, Elisabeth, alihamia Frankfurt kuwalea. Baba wa watoto akajizamisha katika kazi.

Novemba 25, 1901, miezi tisa baada ya msiba huo, alipokewa hospitalini mwanamke aitwaye Auguste Deter, mke wa karani wa shirika la reli. Mumewe alieleza kwamba alikuwa mama wa nyumbani makini, lakini ghafla alianza kuwa na wivu usio na msingi, akashindwa kupika, akawa anaficha vitu na kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Alzheimer alikaa naye siku baada ya siku. Alipomuuliza jina la mumewe, mwanamke huyo alitaja jina lake mwenyewe. Akiwa anakula nyama ya nguruwe na koliflawa, aliulizwa anakula nini, naye akajibu kwamba ni mchicha. Alipopewa kalamu aandike jina lake, aliandika sehemu ya kwanza akasahau iliyobaki. Katikati ya kuhangaika huko alieleza, kwa namna ya kuhuzunisha, kwamba amejipoteza mwenyewe.

Kilichomshangaza daktari si usahaulifu wenyewe, kwani wazee wengi walisahau na watu waliliona kuwa jambo la kawaida la umri. Kilichomshangaza ni kwamba huyu hakuwa mzee.

Mwaka 1903 Alzheimer aliondoka Frankfurt, akafanya kazi kwa muda mfupi Heidelberg chini ya Emil Kraepelin, mtaalamu mashuhuri kuliko wote wa magonjwa ya akili wa Ujerumani wakati huo. Mwaka huo huo Kraepelin alihamia Munich, naye akamfuata. Huko aliongoza maabara ya kuchunguza ubongo, akivutia wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Hans Creutzfeldt, Alfons Jakob na Fritz Lewy, ambao majina yao pia yamebaki katika magonjwa ya ubongo.

Inasimuliwa kwamba alikuwa akipita kwa kila mwanafunzi, akikaa naye kwenye hadubini kwa muda mrefu, na kwamba mwisho wa siku kulikutwa kipande cha sigara yake kubwa kando ya kila meza.

Kifurushi kutoka Frankfurt

Pamoja na shughuli zote hizo, hakumsahau Auguste. Aliendelea kuulizia hali yake hadi Aprili 8, 1906, mwanamke huyo alipofariki akiwa kitandani, bila kumtambua mtu. Alzheimer alimwomba Sioli amtumie faili la mgonjwa pamoja na ubongo wake. Vyote vikapelekwa Munich.

Ubongo ulikuwa umesinyaa. Alipokata vipande vyembamba na kuvitia rangi ya madini ya fedha, njia iliyokuwa imevumbuliwa miaka michache kabla yake na Max Bielschowsky, aliona mambo ambayo hayakuwa yameelezwa pamoja kabla ya hapo.

Kwanza, ndani ya robo hadi theluthi ya seli za fahamu kulikuwa na nyuzi nene zilizosokotana, na mahali pengine seli yenyewe ilikuwa imekufa, ukabaki mkunjo wa nyuzi pekee. Pili, kati ya seli kulikuwa na vibonge vidogo vya kitu kigeni, vilivyotapakaa katika gamba lote la ubongo. Tatu, seli saidizi, zile zinazozishikilia na kuzilisha seli za fahamu, nyingi zilikuwa zimejaa mafuta. Aidha, aliandika kwamba mishipa mikubwa ya damu ya ubongo ilikuwa imeanza kukakamaa.

Hayo ndiyo aliyoyaeleza Tübingen na kuyachapisha kwa ufupi mwaka 1907. Mwaka 1910 Kraepelin alitoa toleo jipya la kitabu chake cha magonjwa ya akili, na humo ndimo hali hiyo ilipoitwa kwa mara ya kwanza ugonjwa wa Alzheimer.

Alzheimer mwenyewe hakuwa na uhakika. Mwaka 1911 alichapisha makala ndefu juu ya mgonjwa mwingine, mwanamume aitwaye Johann F., na humo akajiuliza kama kweli huu ni ugonjwa wa pekee au ni sura tofauti ya usahaulifu wa uzeeni. Swali hilo lilikuwa la haki. Miongo kadhaa baadaye ilidhihirika kwamba mabonge na nyuzi hizo zimo pia katika ubongo wa wazee wengi waliodhaniwa kuwa wamechoka tu kwa umri.

Mwaka 1912 aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Alikuwa safarini kwenda kushika wadhifa huo alipougua. Moyo na figo zake havikupona tena. Alifanya kazi kwa miaka mitatu huku afya ikidhoofika, na Desemba 19, 1915, akafariki akiwa na miaka 51, umri ule ule aliokuwa nao Auguste siku alipopokewa Frankfurt. Alizikwa Frankfurt kando ya mkewe.

Wapagazi wa mafuta

Kwa nini jambo la tatu lilisahauliwa? Sababu mojawapo ni ya kimaabara. Rangi ya fedha huzifanya nyuzi na mabonge yaonekane meusi na ya wazi, ilhali vimiminika vinavyotumika kutayarisha vipande vya ubongo huyeyusha mafuta na kuyaondoa kabla mtaalamu hajayaona. Sababu nyingine ni kwamba hakukuwa na elimu ya kueleza mafuta yale yanafanya nini pale.

Elimu hiyo ilianza kujengeka baada ya kifo chake. Mwaka 1929 mtaalamu wa Ufaransa, Michel Macheboeuf, alifanikiwa kutenga kutoka katika damu ya farasi kitu ambacho kilikuwa mchanganyiko wa mafuta na protini. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaoitwa lipoproteini.

Kwa lugha nyepesi, mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Ili kolesteroli na mafuta mengine yasafiri kutoka kwenye utumbo na ini hadi kwenye viungo, ni lazima yafungwe katika vifurushi vidogo. Protini zinazovifunga vifurushi hivyo ndizo apolipoproteini. Zinafanya kazi ya mpagazi anayebeba mzigo, na wakati huo huo ndizo anwani inayojulisha mzigo ushushwe wapi.

Zipo za aina nyingi. Apolipoproteini B hupatikana katika vifurushi vya kile kinachojulikana kama kolesteroli mbaya, na kila kifurushi hubeba moja tu. Kwa hiyo kuihesabu ni kuhesabu idadi ya vifurushi vinavyoweza kupenya ukuta wa mshipa na kuukakamaza. Ukakamavu huo ndio chanzo kikuu cha shambulio la moyo na cha viharusi vingi, na ndio ule ule ambao Alzheimer aliuona katika mishipa ya wazee wa Frankfurt.

Apolipoproteini A-I ndiyo nguzo ya vifurushi vya kolesteroli nzuri, na husaidia kuyatoa mafuta yaliyozidi katika seli na kuyarudisha kwenye ini. Mtu aliyezaliwa bila uwezo wa kuitengeneza huwa na kiasi kidogo mno cha kolesteroli hiyo katika damu.

Apolipoproteini E ilitambuliwa mwaka 1973. Ina viungo 299 vya asidi amino, na kinasaba chake kiko katika kromosomu ya 19. Watu huirithi katika sura tatu kuu, zinazoitwa E2, E3 na E4. Tofauti kati yake ni ndogo ajabu, kwani hupatikana katika viungo viwili tu, cha 112 na cha 158. Lakini tofauti hiyo ndogo hubadili jinsi protini inavyokamata mafuta na jinsi inavyopokelewa na seli.

Mwanzoni ilichunguzwa kama jambo la moyo na mishipa. Ilijulikana kwamba E4 huelekea kuongeza kolesteroli mbaya, na kwamba baadhi ya watu wenye nakala mbili za E2 hupatwa na ugonjwa wa mafuta kujazana katika damu. Ubongo haukutajwa sana, ingawa katika ubongo ndiyo mpagazi mkuu wa mafuta, na hutengenezwa hasa na zile seli saidizi ambazo Alzheimer alizikuta zimejaa mafuta.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, wakiongozwa na Allen Roses, walitangaza kwamba E4 ilionekana kwa wingi usio wa kawaida kwa wagonjwa wa Alzheimer. Wataalamu wengi hawakuamini. Macho yote yalikuwa kwenye mabonge na nyuzi, na ilionekana ajabu kwamba mbeba mafuta ya damu angeingia katika habari za kumbukumbu.

Utafiti uliofuata ulithibitisha jambo hilo. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja ya E4 huongeza hatari ya kuugua kwa takriban mara 2 hadi 3, na nakala mbili huiongeza kwa mara 8 hadi 12. E2, kinyume chake, hupunguza hatari hiyo.

Faili lililopotea

Habari za Auguste hazikuishia hapo. Faili lake, ambalo lilidhaniwa limepotea milele, lilipatikana Frankfurt mwaka 1995, likiwa na maandishi ya mkono wa Alzheimer. Baadaye vilipatikana pia Munich vile vipande vya ubongo alivyovichunguza, vikiwa bado vimebanwa kati ya vioo.

Wataalamu waliweza kutoa humo chembechembe za urithi. Mwaka 1998 walitoa taarifa kwamba Auguste, mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huu, hakuwa na E4 hata moja. Alikuwa na nakala mbili za E3, sura ya kawaida kabisa. Johann F. naye alikutwa hivyo hivyo.

Mwaka 2013 watafiti wengine wa Ujerumani walisema wamekuta kwa Auguste hitilafu katika kinasaba kingine kinachosababisha ugonjwa wa mapema, lakini wenzao waliorudia uchunguzi mwaka uliofuata hawakuiona. Kwa nini aliugua katika umri ule, bado halijapatikana jibu ambalo wote wanakubaliana nalo.

Fundisho lake ni zito. Asiye na E4 anaweza kuugua, na mwenye E4 anaweza kuzeeka akiwa na akili timamu. Urithi huu hugawa hatari tu.

Fundisho hilo linapata nguvu zaidi barani Afrika. Utafiti mkubwa uliowalinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulionyesha, katika taarifa ya mwaka 2001, kwamba wapya waliopatwa na ugonjwa wa Alzheimer kila mwaka Ibadan walikuwa chini ya nusu ya wale wa Indianapolis. E4 ilikuwapo kwa Wayoruba, lakini uhusiano wake na ugonjwa ulionekana kuwa dhaifu. Chakula, shughuli za mwili, maradhi ya moyo na urithi mwingine ni miongoni mwa sababu zinazotajwa.

Huko Antioquia, Colombia, kuna ukoo mkubwa ambao wengi wao hurithi hitilafu inayowaletea usahaulifu wakiwa na miaka arobaini na kitu. Mwaka 2019 iliripotiwa habari ya mwanamke wa ukoo huo aliyebaki na kumbukumbu zake hadi miaka ya sabini, ingawa ubongo wake ulikuwa umejaa mabonge. Alikuwa na nakala mbili za sura adimu sana ya apolipoproteini E, na wataalamu wanaamini kwamba ndiyo iliyomkinga.

Dawa na kitendawili chake

Suala hili sasa limetoka maabara na kuingia katika chumba cha daktari. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa iitwayo lecanemab, ambayo huyaondoa mabonge yale aliyoyaona Alzheimer na kupunguza kidogo kasi ya ugonjwa kwa walio katika hatua za mwanzo.

Lakini dawa hiyo inaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wenye nakala mbili za E4. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya, ulipoiruhusu mwaka 2025, uliwaruhusu tu wasio na E4 au wenye nakala moja. Hivyo wale ambao urithi wao unawaweka katika hatari kubwa kuliko wote ndio walioachwa nje.

Hapo linazuka swali la iwapo mtu mzima afya apimwe ajue urithi wake. Mwaka 2007 ramani kamili ya vinasaba vya James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, ilipotayarishwa, aliomba asiambiwe chochote juu ya apolipoproteini E yake. Wapo wanaoona alifanya busara, kwa kuwa hakuna tiba ya kuuponya ugonjwa huo. Wapo wanaoona kwamba anayejua mapema hujiandaa mapema.

Wakati huo huo, lile jambo la tatu limerudi mezani. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza katika jarida la Nature kwamba seli za kinga za ubongo zenye nakala mbili za E4 hujikusanyia matone ya mafuta, na kwamba seli zilizojaa mafuta hayo hutoa vitu vinavyozidhuru seli za fahamu. Ni picha inayofanana sana na ile aliyoieleza Alzheimer miaka 118 kabla.

Mwaka huo huo jopo la kimataifa la jarida la Lancet lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya maradhi ya kudhoofika kwa akili yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, kutofanya mazoezi na kupungua kwa usikivu. Kwa mara ya kwanza orodha hiyo iliongezwa kolesteroli mbaya ya umri wa makamo, ile inayobebwa na apolipoproteini B.

Maana yake ni kwamba asiyejua urithi wake, na asiye na uwezo wa kununua dawa za gharama kubwa, bado ana la kufanya. Kupima kiwango cha mafuta katika damu, kupima shinikizo na kutumia dawa zake bila kuruka siku ni kinga ya moyo, na kwa kadiri inavyojulikana leo ni kinga ya kumbukumbu pia.

Nyumba aliyozaliwa Alzheimer katika mji wa Marktbreit sasa ni makumbusho. Kaburi lake liko Frankfurt, mji uleule ambako alikaa kitandani kwa mwanamke asiyeweza kumaliza kuandika jina lake, akanakili kwa subira kila alichojibu, na baadaye akaandika kila alichokiona katika ubongo wake, hata kile ambacho yeye na wenzake hawakuwa na namna ya kukielewa.